Barua ya wazi kwa baraza la mji wetu: paa halikaguliwi kwa muhuri

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, Karani wa Mji, na wajumbe wote wa Kamati ya Ujenzi.

Waheshimiwa, hamjambo.

Wengi wenu mnanijua kwa sura kama si kwa jina. Mimi ndiye fundi wa friji, viyoyozi na hita za maji mwenye banda nyuma ya paki ya teksi, na angalau watatu kati yenu mmeshaniletea friji iliyoungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Mji wetu sitautaja. Anayeishi humu atautambua kabla hajafika katikati ya barua, na anayeishi kwingine Uganda ana mji wake wenye dirisha la vibali vya ujenzi kama lenu. Atajaza jina mwenyewe.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Hapa kwetu, kwenye barabara ya kwenda Kongo, hatukungoja kuambiwa. Fundi Mkonzo akishika ngazi chini na msaidizi wake kutoka Beni akiwa juu ya bati, wanasemezana kwa Kiswahili. Mwenye nyumba kutoka Bushenyi akitaka kupunguziwa bei, anabembeleza kwa Kiswahili. Iliyobaki bila kukijua ni fomu yenu peke yake. Nitairudia fomu hiyo baadaye.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kibali. Mtu akitaka kufunga kiyoyozi chumbani, au tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa, au shawa ya umeme bafuni, ofisini kwenu anapitishwa njia ileile ya mtu anayejenga ghorofa nne. Basi mwenye akili anafanya nini? Anaikwepa ofisi. Nami ndiye ninayemfungia.

Naam, nakiri mbele ya wote. Nimefunga viyoyozi na hita nyingi katika mji huu, na zilizokuwa na kibali nitazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kibaki. Baadhi ziko kwenye nyumba za watu wanaoisoma barua hii kwa cheo chao. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba nazijua sebule hizo, na najua breka za umeme ziko upande gani.

Lakini nianze na mmoja wa wale wachache waliofuata sheria, maana kisa chake ndicho kilichonifundisha.

Ni mwalimu mstaafu, mzee wa watu. Nyumba yake aliijenga mwaka 1991: matofali ya kuchoma, mabati, mbao za mkaratusi. Mkewe ana baridi yabisi, na kila alfajiri mtu alilazimika kuamka kuwasha sigiri ili maji ya kuoga yapate moto. Mwaka jana watoto wao wakachanga, ikanunuliwa hita ya jua ya lita 200. Nikaitwa kufunga. Mzee akasema, “Hatugusi bati bila kibali.” Nikamwambia, “Mzee wangu, hapa watu wanafunga tu.” Akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa darasa la tano nilipokosa kugawanya. Nikanyamaza. Tukaenda ofisini.

Dirishani tukapewa orodha. Michoro ya nyumba nzima, nakala tatu, yenye muhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa. Barua ya mhandisi. Hati ya ardhi au makubaliano ya kuuziana. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Yote hayo kwa nyumba ambayo imesimama miaka zaidi ya 30 na ambayo hakuna ukuta uliokuwa unaguswa. Msanifu tulimpata Mbarara. Akamtuma kijana mwenye futi kamba apime vyumba, na baada ya wiki mbili mchoro ukarudi: sebule, vyumba vitatu, ua, choo. Paa lenyewe lilichorwa pembetatu moja, basi. Mchoro huo ulimla Mzee shilingi 600,000, na muhuri wa LC1 ulikuwa na bei yake, ambayo haikuandikwa popote.

Tukaanza kungoja. Kamati haijakaa. Kamati imekaa ila akidi haikutimia. Faili liko kwa mtu wa mipango miji, na yeye anahudumia miji mingine pia, arudi Alhamisi. Alhamisi kulikuwa na semina. Mzee alikuwa anakwenda mwenyewe kwa miguu, amevaa koti, na kila mara anarudi na kuniambia kwa utulivu wa mwalimu, “Wamesema wiki ijayo.” Wiki ya kumi na moja kibali kikatoka. Karatasi nzuri, muhuri wa bluu umegongwa sawasawa.

Sasa sikieni sehemu ambayo ndiyo barua yangu. Katika wiki zote hizo kumi na moja, mtu mmoja tu kutoka ofisini alifika nyumbani kwa Mzee. Alisimama uani, akajikinga jua kwa faili, akatazama mabati kutoka chini, akauliza, “Ngazi ipo?” Yangu nilikuwa nimeiacha kwenye kazi nyingine siku hiyo. Akasema ofisi haina ngazi. Akasaini.

Mtu huyo simlaumu. Pikipiki ya ofisi haina mafuta, alikuja kwa bodaboda kwa pesa yake, na hakuna aliyempa karatasi inayomwambia atazame nini. Ila niwaeleze nilichokiona mimi nilipopanda. Lita 200 za maji ni kilo 200. Ongeza tangi lenyewe, fremu ya chuma na vioo, unakaribia kilo 300. Ni magunia matatu ya mahindi yaliyojaa, yaliyowekwa juu ya paa yasishuke tena, mvua na jua, miaka kumi na tano. Na chini ya pale palipopangwa kuwekwa, mbao mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa hadi kidole changu kikapenya. Mchoro wa Mbarara haukuwa na mchwa. Barua ya mhandisi haikuwa na mchwa. Tulibadilisha mbao, tukalisogeza tangi hadi juu ya ukuta unaobeba, tukalifunga. Mama leo anaoga maji ya moto asubuhi bila moshi.

Kama ningekuwa fundi wa kupokea pesa na kuondoka, magunia yale matatu yangelala siku moja kitandani kwa watu wawili wazee, na kibali chenye muhuri wa bluu kingekuwa ukutani, kwenye fremu.

Nawaomba mkigeuze. Leo mnakagua karatasi kwa miezi kabla ya kazi, na kazi ikimalizika hakuna anayekuja kuitazama. Kwa kazi ndogo za nyumbani, punguzeni karatasi za mwanzo hadi ukurasa mmoja, na nguvu mnayookoa muitumie kuja mara moja kazi ikishafanyika, kabla haijafunikwa dari.

Najua sheria ipo. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ni ya mwaka 2013, kanuni zake zikatoka 2020, na ndizo zilizowapa Kamati ya Ujenzi na afisa wa udhibiti wa majengo. Sina ugomvi nayo. Tumeshaona Kampala majengo yakiangukia vibarua, na anayetaka kila mtu ajenge anavyojisikia si mwenzangu. Pia msiniambie kwamba njia nyepesi ya kazi ndogo imo kwenye kanuni. Kilichomo kitabuni na dirishani hakipo, kwa mtu aliyesimama dirishani hakipo.

Niwaeleze basi kinachoua, ili siku mkija mjue mtazame wapi.

Cha kwanza ni shawa ya umeme. Hiyo ndiyo inayopendwa, maana ni rahisi kununua na kijana yeyote mwenye bisibisi anakufungia nusu saa. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 inavuta ampea zipatazo 23. Nyumba zetu nyingi bafuni zina waya wa taa tu, wa milimita za mraba 1.5, uliowekwa kwa ajili ya balbu. Fundi anauunga hapohapo. Siku ya kwanza maji yanatoka moto, watu wanampongeza. Mwezi wa tatu waya ndani ya ukuta umeshaanza kuiva. Breka ikianza kukatika, anaitwa tena, na badala ya kubadilisha waya anaweka breka kubwa zaidi ili isikatike. Hapo ameondoa askari mlangoni kwa sababu alikuwa anapiga kelele.

Na athi! Waheshimiwa, nimeshafungua shawa nikakuta waya wa athi, ule wa kijani na njano wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umezungushwa kwenye msumari ukutani. Msumari kwenye tofali. Familia ya watu sita imeoga chini ya kitu hicho karibu mwaka mzima. Mama wa nyumba akaniambia watoto wamezoea “kutekenywa” kidogo wakishika bomba. Nilikaa chini kwanza ndipo nikaendelea na kazi.

Mtasema umeme si kazi yenu. Kweli, fundi wa nyaya hupewa kibali na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, naye ndiye anayesaini kwamba nyumba imefungwa nyaya ipasavyo. Lakini saini hiyo hutolewa nyumba inapoingizwa umeme mara ya kwanza. Mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, ikishawekwa, shawa inayofungwa miaka sita baadaye hakuna anayeijua. Kampuni ya umeme kazi yake inaishia kwenye mita. Tangu Aprili 2025 nguzo zimetoka mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme baada ya miaka 20 na kwenda kwa UEDCL, kampuni ya serikali, ila ampea 23 zimebaki ampea 23. Kati ya mita na kichwa cha mtoto anayeoga hakuna mwenye mamlaka wa karibu isipokuwa ninyi.

Cha pili ni kiyoyozi, au eisi kama tunavyoita mtaani. Zamani ilikuwa kitu cha benki na hoteli. Sasa bondeni hapa joto linapita nyuzi 30, nyumba zimebanana, na watu wenye wagonjwa wa presha wanaona heri wakope. Eisi ya BTU 12,000, ile ndogo ya chumba kimoja, haili umeme kama shawa. Inavuta kama kilowati moja na kidogo. Balaa yake ni nyingine. Kile kisanduku cha nje kinatupa joto lote la chumbani pamoja na kelele, na fundi hukiweka anapoona pana nafasi, yaani dirishani kwa jirani. Maji yake yanatona kwenye ukuta wa udongo wa mtu mwingine. Nusu ya kesi nilizoitwa kwa LC1 kama shahidi ni za kisanduku cha nje. Mchoro wa nakala tatu hauonyeshi dirisha la jirani. Mtu akisimama uani dakika mbili analiona.

Halafu gesi ya kupozea iliyo ndani ya eisi. Mashine za zamani zina R22, ile inayotoboa tabaka la ozoni na ambayo dunia ilikubaliana kuiacha. Zilizofuata nyingi zina R410A, isiyogusa ozoni lakini inapasha joto anga zaidi ya mara 2,000 ya hewa ukaa, kilo kwa kilo. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo tu kwa jirani, wakakubaliana kuzipunguza hizo nazo. Mashine mpya zinazoingia sasa nyingi ni za R32, ambayo ni nafuu kwa anga ila inaweza kushika moto ikivuja karibu na mwali. Nyumba yenye sigiri na tadooba, yaani kibatari, inataka fundi anayelijua hilo. Na wapo wenzangu, naomba radhi kwa kuwasema, wanaojaza gesi ya kupikia kwenye mashine ya R22 kwa sababu “inapoza vizuri”. Inapoza kweli. Ni bomu linalopoza. Na ile ya zamani wanaifungulia valvu ivume hadi iishe, mchana kweupe, nyuma ya banda. Nimeifanya na mimi, enzi za ujana, kabla sijaenda kufanya mtihani wa ufundi wa DIT, idara ya mafunzo ya viwanda, na kuelezwa nilichokuwa nakifanya.

Fomu yenu ya kurasa nyingi haina hata mstari mmoja unaouliza gesi gani.

Kuhusu kupasha nyumba joto, hapa bondeni si shida yetu, mtu anapashwa bure. Lakini juu ya mji wetu kuna vijiji vya mlimani ambavyo mko mbioni kuviingiza kwenye mipaka ya mji, na mimi nimewahi kufanya kazi miezi minne huko Kigezi, ambako usiku wa Julai mtu analala na soksi mbili. Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliomba kibali cha kujenga dohani, ili awe na moto sebuleni wa kuni unaotoa moshi nje. Akazungushwa hivihivi: michoro, kamati, wiki ijayo. Msimu wa baridi ukaingia na kutoka. Akafanya ambacho hakihitaji kibali, akawawekea wageni sigiri za makaa vyumbani, madirisha yamefungwa. Asubuhi moja tukamtoa mgeni akiwa hajiwezi, kichwa kinampasuka, miguu haimbebi. Alipona, Mungu saidia. Hewa ile ya makaa haina harufu wala rangi, inampeleka mtu usingizini na kumwacha hukohuko. Kibali kilichocheleweshwa kwa ajili ya usalama ndicho kilicholeta sigiri chumbani. Hilo sijalisahau.

Sasa ninachoomba.

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, Kikonzo na Kiingereza. Iulize nyumba iko wapi, kinafungwa nini, uzito gani, ampea ngapi, gesi gani, fundi ni nani na simu yake ni ipi. Mwenye nyumba asaini, fundi asaini. Fundi akisaini, jina lake linabaki kwenu. Hiyo peke yake itawapunguza wenye bisibisi.

Asaini afisa mmoja, isingoje kamati. Kamati ibaki na majengo mapya, maghorofa, hoteli zenye mitambo mikubwa, vyumba vya baridi vya samaki. Huko michoro idaiwe na mhandisi aitwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema idaiwe.

Bei ibandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa, ilipwe benki, na nauli ya mkaguzi iwe ndani ya bei hiyo. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana ndipo kila kitu kinapoharibikia. Leo mkaguzi hana mafuta. Mwananchi anaambiwa kwa upole “amsaidie usafiri”. Mwenye nacho anatoa, faili linatembea. Asiye nacho anaambiwa wiki ijayo. Sisemi mkaguzi ni mla rushwa. Nasema mmemtuma vitani bila jembe wala panga, halafu mnashangaa akiomba chakula njiani. Mlipeni bodaboda kwa risiti na mtaona wiki kumi na moja zitakavyokuwa siku kumi.

Iwe siku moja ya wiki, asubuhi, ya kuzunguka kazi ndogo tu. Mji huu unazungukika kwa pikipiki kabla ya chakula cha mchana. Mkaguzi apewe orodha fupi ya kutazama: mbao chini ya tangi, tangi limefungwa kwa nini, unene wa waya, breka ya ukubwa gani, athi inaishia wapi, maji ya eisi yanamwagikia wapi, kisanduku cha nje kinamtazama nani. Dakika ishirini. Sehemu zitakazofunikwa kabla hajafika, fundi azipige picha kwa simu, azitume.

Na yapo mambo msiyaguse kabisa. Mtu anayefunga feni, anayeweka dari chini ya bati tupu, anayepaka bati rangi nyeupe, anayebadilisha eisi iliyokufa kwa nyingine ya ukubwa uleule palepale, mwacheni. Dari na rangi nyeupe vinapoza nyumba kuliko mashine nyingi ninazouza, na ninalisema hilo dhidi ya tumbo langu. Mwembe mbele ya dirisha la magharibi unazidi vyote, lakini hauna kamisheni.

Nimeshaambiwa na mmoja wenu, tukinywa chai, kwamba mji utapoteza mapato. Mapato yapi? Hita ya Mzee ndiyo pekee niliyoona ikilipiwa mwaka mzima. Zile nyingine nilizofunga mwaka huo hazikuingiza hata senti moja, kwa sababu hazikupita kwenu. Ada ndogo inayolipwa na watu wengi hujaza sanduku. Ada kubwa na michoro ya laki sita inalipwa na mwalimu mmoja mwaminifu. Mwingine akasema wafanyakazi ni wachache. Hilo nalikubali bila kubisha. Mhandisi tunayemtegemea anagawanywa kama kuku wa sikukuu. Ndiyo sababu nasema msimpotezee muda kwa pembetatu ya Mbarara.

Sisi mafundi nasi tuna letu la kubeba. Tumezoea kumwambia mteja “hapa watu wanafunga tu”, kama nilivyomwambia Mzee, kwa sababu kibali kinatucheleweshea malipo. Tuko kama kumi mjini tunaojuana. Nimezungumza na sita. Wako tayari majina yao yaandikwe kwenye daftari lenu, na wakaguliwe kwanza wao wenyewe: vyeti, vifaa, na mtungi wa kurudishia gesi badala ya kuivumisha hewani. Wanne bado wananitazama kama msaliti. Mkibandika bei ukutani watakuja, nawajua.

Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, nitakuwa dirishani. Nitakuwa na dada mmoja anayetaka kumfungia eisi baba yake aliyepooza, chumba cha nyuma, ukuta wa mashariki, mbali na dirisha la jirani. Jirani mwenyewe ameshasaini. Fomu yenu ya ukurasa mmoja haijachapishwa bado, kwa hiyo nimeiandika mwenyewe kwa mkono, nakala mbili, moja yenu. Athi nimeshaichimbia, iko wazi, njooni mwione kabla sijafukia.

Ngazi nitakuja nayo. Ni ya alumini, ya mita sita, na imeandikwa kilo 150 ubavuni, kwa hivyo hakuna mheshimiwa ambaye itamshinda.

Wenu,
Fundi wa nyuma ya paki ya teksi